Mstari wa Kumi na Moja

Fomu ina kurasa sita. Nimeikunja mara mbili
ikaingia mfuko wa shati, upande ule ule
ninaobebea kitambulisho cha kazi.
Jina nimejaza. Umri, miaka ishirini na mitatu. Kazi, mwanajeshi.
Rangi ya macho: nikamwuliza Lokwawi wa kitanda cha juu,
akanitazama kidogo, akaona haya,
akasema, "Andika kahawia tu."

Barabara ya Kiambu nilifika umande haujakauka.
Mama wa wino alinishika mkono
kama anayenifunza kuandika:
gumba, cha shahada, cha kati,
akavibingirisha kimoja kimoja mpaka vikakiri.
Vyote kumi havina kesi.
"Cheti cha mwenendo mwema, kijana, wiki mbili."
Mwenendo mwema.
Nikakumbuka mambo mawili matatu ya mpakani
ambayo wino hauna macho ya kuyaona.

Karani wa leseni ana miwani iliyofungwa kwa uzi.
Jina langu alilisoma foleni nzima isikie:
"Mwang'ombe! Na bunduki ni ya kuchunga au ya kuchinja?"
Watu wakacheka. Nami nikacheka, mwana wa ng'ombe,
maana mwenye haja hanuni.
"Serikali imekupa moja. Ya pili ya nini?"
"Ile si yangu, afande."
"Mimi si afande. Na sababu umeiandika wapi?"

Mstari wa kumi na moja:
Eleza sababu ya kuhitaji silaha.
Kisha nukta, nukta, nukta,
sentimita nane hivi, nimezipima kwa kidole.

Halafu kuna sanduku la chuma. Lifungwe ukutani kwa bolti nne,
na ukuta uwe wako, au wa mtu aliyekubali.
Kambini ukuta ni wa Jamhuri.
Nikaenda Kahawa West, kwenye chumba ninachokodi
kwa ajili ya likizo na sufuria mbili.
Mzee Gathogo alinisikiliza hadi mwisho, akaguna,
akanipeleka chumba cha jirani kunionyesha tundu la msumari
ambapo mpangaji aliyehama mwaka juzi alitundika kalenda.
"Huyu nilimkata mia tano," akasema.
"Wewe unataka bolti."

Daktari wa akili yuko ghorofa ya nne, lifti imekufa.
Akaniuliza ninalala saa ngapi.
Saa nne, nikasema.
Akauliza, "Usingizi je, unakuja saa ngapi?"
Chini dirishani muuza mutura alikuwa akipepea makaa.
Nikayatazama yale makaa.
Daktari naye akanitazama nikiyatazama,
na kwa muda mrefu kalamu yake haikuandika kitu.

Usiku nikajaribu kwa penseli.
Mchezo wa kulenga shabaha. Nikafuta.
Fisi wanasumbua ng'ombe wa baba, Mwatate.
Baba hana ng'ombe tangu ukame ule,
tumebaki na jina. Nikafuta.
Ulinzi wangu binafsi.
Hapo nikacheka peke yangu gizani,
kikosi kizima kimenilalia pembeni, kinakoroma.
Mwisho nikaandika:
Tangu nirudi, mkono wa kulia hauna uzito.
Hiyo nayo nikaifuta,
lakini penseli ilikuwa imekandamiza.
Ukiinamisha karatasi kwenye taa, inasomeka.

Alfajiri, zamu yangu ya lango.
Ghalani Sajini Achoki akanisukumia daftari bila kuinua uso.
Nikaita namba ya bunduki,
naijua kuliko namba ya simu ya mama.
Risasi thelathini: akahesabu, nikahesabu.
Wino wa juzi ulikuwa bado umejificha kwenye ukucha;
jasho likautoa,
nikaacha doa jeusi kando ya sahihi yangu.
Akaliangalia doa. Akaniangalia mimi.
Nilidhani ataniuliza. Nilitamani, hata.
"Anayefuata," akasema.